Mwalimu Aliyemtwika Mkewe Ndoo

"Mbuzi simtoi. Kosa langu lipi? Kufundisha watoto wenu?"

Mwalimu Kasmiri Mihayo aliyasema hayo amesimama, mbele ya wazee wa sungusungu waliokaa kwenye vigoda, pinde zao zimeegemea uzio wa minyaa. Shigela, kamanda wao, hakupandisha sauti. Ndiye aliyefiwa na mama.

"Mwalimu, nilituma mtu shuleni amchukue binti yangu Nyanjige, ukamrudisha mlangoni. Mama yangu amezikwa bila mjukuu aliyemlea kutia udongo kaburini. Wewe mwenyewe mazikoni hukuonekana. Hapa kwetu hilo ni mchenya, na unalijua."

"Ulikuwa mtihani wa darasa la saba, nchi nzima siku moja. Kaburi lingesubiri kesho, mtihani haungesubiri."

Hapo ndipo alipoharibu. Wazee waliguna. Kuna kweli za kumeza na mate, ila Kasmiri hajawahi kujua kumeza.

Mchenya ni faini ya kijiji. Mbuzi anachinjwa, wote wanakula, aliyetozwa anakula nao, maneno yanaisha. Asiyelipa anatengwa: hasalimiwi, haombi moto kwa jirani, na mkewe hasaidiwi hata kwa kidole.

Kasmiri alizaliwa Kimali, kwenye nyumba yenye ng'ombe wengi na isiyo na kitabu hata kimoja. Baba yake alitaka mchungaji. Alipata mtoto wa kuchora herufi vumbini kwa fimbo huku ng'ombe wakimaliza mtama wa watu. Baba alipochoka kuomba radhi kila mji, aliona shule ina nafuu, akampeleka. Mtoto hakurudi tena machungani. Alisoma hadi chuo cha ualimu, akapangiwa kijiji kimoja kando ya barabara ya kutoka Bariadi kwenda Lamadi, na huko akamwoa Felisita, binti wa katekista, mkulima wa pamba mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi.

Nyumbani alikuwa baba kweli. Aliogesha watoto wake wanne mwenyewe, akawakata kucha, akabeba kuni kwenye baiskeli. Wanaume walimcheka kilabuni. "Mwalimu, siku hizi unanyonyesha pia?" Alijibu, "Nikipata maziwa nitawaita na ninyi, bado mnahitaji." Wakamwacha.

Kisha ikaja ruksa ya biashara huria. Msimu ule wanunuzi binafsi wa pamba waliingia Bariadi na malori yao, kila mmoja na mzani wake. Walimu wawili wa shule yake waliacha chaki wakawa makarani wa mizani. Mnunuzi mmoja alimfuata na Kasmiri.

"Utavaa viatu vipya kila msimu, mwalimu."

"Hivi vya zamani havijawahi kunipoteza njia."

Felisita alipolisikia alinyamaza kutwa nzima, na Felisita akinyamaza ujue kuna ugonjwa. Jioni akasema, "Hukuniuliza hata mimi."

"Ningekuuliza ungesema nikubali."

"Ndiyo maana huulizi. Kila mtu unamjibia wewe."

Mwalimu akacheka, akaendelea kumkata mtoto kucha.

Baada ya ule ugomvi wa mbuzi, kutengwa kuliwaangukia wote wawili, ila kulimwelemea Felisita. Watoto wa kijiji waliendelea kuja darasani, kwa kuwa shule ilikuwa ya serikali. Mama zao ndio waliogeuza shingo. Kisimani wanawake hutwikana ndoo, mmoja akiinua upande huu na mwenzake ule. Felisita alipojaza ndoo yake asubuhi ya kwanza, walio karibu naye walikumbuka kwa pamoja kwamba wana haraka. Alibaki na ndoo chini na kata mkononi. Kumwaga hakutaka, kulia hakutaka.

Kesho yake mumewe aliongozana naye. Alifika kisimani amevaa suruali yake ya shule iliyopigwa pasi, akainama, akamtwika mkewe mbele ya wanawake wote, akaenda kufundisha. Akafanya hivyo kila asubuhi, mvua za masika zikaja zikapita. Wanawake walijifanya hawaoni, wakawaeleza waume zao kila kitu.

"Mpe mbuzi wake yaishe," Felisita alimwambia njiani. "Shingo inayobeba ni yangu."

"Nikilipa nitakuwa nimekiri kwamba mtihani ni kosa. Mwakani watawatoa watoto wote kwenda kuvuna pamba."

Nyanjige alikuwa amefaulu, peke yake katika darasa lile, akaenda sekondari ya bweni. Aliporudi likizo alikwenda kisimani na ndugu zake, akamkuta Felisita na ndoo iliyojaa. Siku hiyo mwalimu alikuwa amechelewa, mtoto wake wa mwisho alikuwa na homa. Nyanjige hakuuliza mtu. Akaweka ndoo yake chini, akamwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, inua upande huo," akamtwika.

Katazo lilikuwa limevunjwa, na aliyelivunja ni binti wa kamanda.

Jioni Shigela alikuja kwa mwalimu, Nyanjige nyuma yake.

"Kijiji kinadai nimtoze huyu," alisema. "Nisipomtoza sina upinde tena. Nikimtoza, namtoza kwa kumsaidia mama aliyemlisha uji wakati wa masomo ya jioni. Niambie wewe uliyesoma, nifanye nini?"

Kasmiri alifungua kinywa. Felisita akamwahi.

"Kabla hujamjibia na huyu, muulize mtoto. Siku ile hukumuuliza."

Mwalimu akamgeukia Nyanjige. "Ningekwambia bibi anazikwa, ungefanyaje?"

"Ningemaliza mtihani, mwalimu," Nyanjige alisema. "Lakini ningemaliza nikijua. Ulinificha mpaka karatasi ya mwisho."

Mwalimu aliinuka. Akaenda bandani, akarudi na beberu mwekundu, akampa Shigela kamba.

"Mtihani siujutii, na mwakani mlango nitaufunga tena. Ninalipa kwa kumficha mtoto msiba wake. Na kwa kutokuja mazikoni; ningekuja hata jioni. Mtoto msimtoze."

"Kijiji hakikuuliza unalipa kwa lipi," Shigela alisema, akiipokea kamba. "Kilidai mbuzi."

Kesho yake alichinjwa. Kabla ya kula, Shigela aliwachukua mwalimu na Nyanjige nyuma ya boma, kila mmoja akatia konzi ya udongo juu ya kaburi la bibi. Kisha wakala wote, na mwalimu akapewa ini.

Asubuhi iliyofuata alifika kisimani kama kawaida. Wanawake wawili walikuwa wameshaishika ndoo ya Felisita, huku na huku.

"Iacheni," Felisita aliwaambia. "Huyu bado ana zamu yake."