Utafiti wa majirani

Juzi nilikuwa nasubiri dawa kwenye zahanati binafsi mjini Bariadi. Mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi. Mtafiti mmoja, binti wa hukuhuku mwenye shahada ya uzamivu, alikuwa akimweleza bibi kutoka Dutwa kwamba uzeeni protini huganda kwenye ubongo, kama maziwa kwenye kibuyu. Huenda mwili wa bibi huyo unaziondoa vizuri, ndiyo maana hasahau licha ya umri wake.

“Mwili wangu mwenyewe?” bibi aliuliza. “Siyo miaka ya watoto wa watu?”

“Siyo, mayu,” mtafiti alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

“Basi toka ukawaambie.” Alinyoosha fimbo kwa majirani zake waliokuwa wakingoja zamu zao kwenye benchi barazani. “Wananiita mchawi.”

“Mayu, utafiti wetu haujaisha.”

“Wa kwao umeisha. Wanasubiri giza tu.”

Mtafiti alivua glavu, akatoka, akasema kwa sauti kwamba hakuna anayeishi kwa kula miaka ya mwenzake.

“Una hakika?” mzee mmoja aliuliza.

“Ya protini, bado. Ya hilo, ninayo.”

Sayansi huchunguza kabla ya kuhukumu. Sisi tumezoea kinyume chake. Benchi lilikuwa limejaa.

“Sogeeni,” bibi alisema, akakaa katikati yao.