Kanzu ya Mzee Rajabu na Kisigino cha Ndala

Nawaombeni mcheke sasa hivi, mmalize, ili nikifika kwenye kanzu mnihurumie, maana hadi leo nikipita mtaa wa Buzebazeba kuna akina mama wanaoniita Profesa huku wamejiziba midomo kwa kanga, na mimi si profesa, nina digrii moja tu, ya historia, ambayo siku ile haikunisaidia kitu.

Dada yangu Zaituni ana hoteli ya chakula Ujiji, anakaanga samaki wa migebuka kwa mawese, na nyuma ya jiko lake, ng'ambo ya kichochoro, anakaa Mzee Rajabu, mtu mpole aliyevumilia moshi ule miaka mingi mpaka akachoka akaenda kwa Bwana Afya, na malalamiko yake hayakuwa ya kifua wala ya macho: alisema kanzu zake zinanuka samaki, na kwamba Ijumaa msikitini watu wa safu ya nyuma yake wanashikwa na njaa katikati ya swala. Bwana Afya akaja, akatazama masizi, akatoa siku: hadi Ijumaa ya wiki inayofuata moshi uwe umesafishwa, la sivyo jiko linafungwa. Dada ni mjane, na jiko hilo ndilo linalosomesha wanawe watatu, kwa hiyo hakucheka. (Mimi nilicheka. Akanitazama, nikaacha.)

Tukaagiza mashine ya kusafisha moshi, sanduku la bati kubwa kama kabati, linalofungwa nje ukutani: moshi unaingia upande mmoja, unapita kwenye nyavu za chuma zinazonasa mafuta, mafuta yanadondokea kwenye sinia chini, kisha feni inasukuma hewa safi itokee upande wa pili. Fundi Kabwe wa Ilagala alilifunga Jumanne, likakaa imara, mdomo wake ukielekea kichochoroni usawa wa kifua, kwa sababu bomba la kupandisha hewa juu ya paa lilikuwa bado kwa mchomeleaji. Kabla hajapanda bodaboda kurudi kwao, alinionyesha tundu dogo chini ya sanduku.

"Profesa, hapa ndipo inapojisaidia. Weka ndoo, usizibe."

Nikaitikia kama mtu aliyesikia.

Sasa, ukuta tulikuwa tumeupaka rangi nyeupe kwa heshima ya Bwana Afya, na Jumatano asubuhi nikakuta mchirizi mwekundu wa mawese unashuka kando ya tundu, na ile ndoo nayo ilikuwa kuukuu, imepasuka mdomo, ikaniudhi (msomi huudhiwa na vitu vidogo, vikubwa vinampita). Nikakata kisigino cha ndala, nikakichonga, nikaziba tundu, ndoo nikaipeleka chooni. Ilikuwa kwa muda tu, mpaka ukaguzi upite.

Alhamisi asubuhi ukuta mweupe, Ijumaa asubuhi mweupe. Mtu yeyote aliyelelewa Kigoma anajua kwamba kukiwa na ubaridi mawese huganda kwenye chupa mpaka uyachokonoe kwa kijiti, nami nimelelewa Kigoma, na bado nilisimama mbele ya sanduku lile nikawaeleza majirani kwamba mashine yetu haitoi hata tone.

Bwana Afya alifika na daftari lake baada ya swala ya Ijumaa. Dada alikuwa anakaanga tangu saa nne, majiko yote mawili, kwa sababu nilimwambia aongeze moto tuonyeshe uwezo, na jua lilikuwa limewaka hasa. Mzee Rajabu akawa anarudi kutoka msikitini, kanzu mpya, nyeupe pe, na hapo ningemwacha aingie kwake. Nikamwita. Nikamwamkia shikamoo, nikamshika mkono, nikamsimamisha mbele ya mdomo wa mashine kama mgeni rasmi, nikamwomba avute pumzi.

Mzee akafumba macho, akavuta.

"Sisikii kitu," akasema.

Dada, dirishani, akashusha mabega. Kazi ilikuwa imekwisha, jiko limepona. Lakini mimi nikaona isiishie hapo, nikapandisha feni hadi namba tatu.

Kwanza ukasikika mlio kama mtu anayesukutua. Kisha mawese ya siku tatu, yaliyokuwa yameganda ndani na sasa yameyeyuka, yakajaa sinia na kupanda hadi kwenye feni, yakatoka kwa pamoja, ya uvuguvugu kama maji ya kuogeshea mtoto (namshukuru Mungu kwa hilo), yakamwogesha Mzee Rajabu kuanzia kidevuni hadi magotini, na daftari la Bwana Afya likapata mgawo wake.

Hakuna aliyecheka, mpaka Bi Mwamvua, mkewe Mzee, alipotoka mlangoni, akamtazama mumewe taratibu, akasema, "Upande huu tayari. Mgeuzeni."

Wakati watu wanashikiliana kwa kicheko, dada alikuwa amepiga magoti anamfuta Mzee miguu kwa kanga yake, na Bwana Afya anafuta daftari apate pa kuandika, akisema kwa hali hii itabidi afunge. Mzee akamzuia.

"Andika nililokulalamikia. Moshi. Moshi sijausikia. Haya mengine ni ya Profesa, si ya jiko."

Ikanibidi nichomoe kile kisigino mbele ya watu wote, na mawese yaliyobaki yakateremka kwenye ukuta mweupe hadi chini. Bwana Afya akakitazama, akanitazama, akaandika: jiko liendelee, ndoo irudi, bomba lipandishwe. Mzee akaongeza sharti lake: kanzu nitaifua mimi, kwa mikono yangu, ziwani.

Jumamosi, basi, nilikuwa ufukweni katikati ya wafuaji. "Mwakeye, Profesa," wakanisalimu kwa Kiha, kwa adabu iliyozidi kiasi. Nikasugua mpaka vidole vikachubuka, kanzu ikabaki na rangi ya mchuzi, mpaka Bi Mwamvua aliponionea huruma akaniambia nimalizie sabuni niianike, mawese rangi yake inaisha juani, ila nikae niilinde na mbuzi. Nilikaa siku mbili. Ikarudi nyeupe.

Ndoo kuukuu sasa iko mahali pake, na mchirizi mwekundu dada amekataza usipakwe rangi. Nami nimeapa: fundi akiniambia tundu lisizibwe, siligusi, hata akiwa fundi cherehani na tundu lenyewe liko kwenye suruali yangu.