Kiganja Juu ya Dado

Fundi simu wa Segese alikuwa anatuchezesha mchezo wa hadithi kila Jumapili baada ya misa. Yeye anasimulia, sisi tunakuwa watu wa ndani ya hadithi, na jambo gumu linaamuliwa kwa kurusha dado. Dado zenyewe alizifunika kwa kiganja chenye alama za moto wa kulehemu. Ukisema, "Fundi, naomba nirushe dado ya kusikiliza," hanyanyui mkono. "Usiniombe dado, bwana mdogo. Niambie unafanya nini." Siku moja mchimbaji aliyechezwa na mwenzetu Meshack alifukiwa ndani ya duara, shimo la dhahabu. Dado ikimkataa ndiyo amekufa, na tulikuwa naye tangu masika. "Naomba dado ya nguvu," Meshack akasema. "Nguvu ya nini?" Meshack akafikiri. "Nazima tochi nisimalize betri. Nagonga mwamba mara tatu. Nasikiliza." Fundi akagonga meza kwa kucha, mara tatu. "Wamekusikia," akasema. "Hiyo hairushiwi dado." Sauti ilikuwa ndogo, siyo ile ya kusimulia.

Sasa amehamia Mhunze, dado katuachia sisi. Meshack bado anaziomba, na mimi naweka kiganja juu.