Simu Niliyoijibu kwa Kicheko

Jirani yetu wa hapa Chapwa, karibu na mpaka, utingo wa malori, amefia gerezani alikokuwa anatumikia kifungo. Nyie mnaosoma safu hii kwenye ubao wa shule mmezoea niwachambue walimu mcheke. Leo zamu yangu, na sina cha kuchekesha.

Marehemu ndiye aliyenifundisha utani. Foleni ya malori ikikwama mpakani, alikuwa anawapigia madereva simu akijifanya ofisa wa forodha: "Wewe, lori lako limevuka na mbuzi asiye na pasipoti. Rudi haraka!" Dereva mzima anatoka jasho. Nikajifunza, nikawa mkali kumshinda. Alipofungwa kwa dizeli ya wizi, aliandikisha namba ya simu ya kwetu, maana mama yake hana simu. Mchana naipokea mimi.

Siku moja nimetoka shule, ikaita. "Naongea kutoka gerezani. Wewe ni nani wa huyu mfungwa?" Nikajua ni wale wana wa darasani niliowahi kuwapigia simu za utani, wananilipizia. Nikakaza sauti: "Hapa ni Mkuu wa Magereza ya Mbinguni. Mleteni, chumba kipo." Akasema, "Binti, hebu sikiliza..." Nikakata, nikaifungia namba yake, nikacheka hadi nikakaa chini.

Siku ya kutembelea wafungwa, mama wa marehemu alikwenda na kande na shati lililopigwa pasi. Askari wa getini akamwambia, "Mama, tulishamzika. Tulipiga simu, tukajibiwa utani." Alirudi na shati lake. Watu wakakaa msibani bila jeneza, bila kaburi la kutupia udongo.

Nilimfuata mama huyo jikoni kwake nikamweleza yote, hata lile la chumba. Nilitegemea kofi. Akauliza tu, "Huyo bwana alisema mwanangu aliacha neno gani?"

"Sikumwacha afike huko, mama."

Akaendelea kupepeta mchele.

Mtasema simu moja haitoshi, kwamba mtu akifia gerezani wamtume askari hadi kwa mwenyekiti wa mtaa, mama aambiwe uso kwa uso kabla ya mazishi. Ni kweli, na ilikuwa haki yake. Ila mimi nitalisemaje kwa sauti kubwa, wakati hiyo simu moja ilipigwa na ikapokelewa? Jamani, mtu akipiga kumtafuta jirani yako, mwache amalize anachosema. Utani unaweza kusubiri. Mazishi hayakumsubiri yule mama.