Fundi Aliyejaribu Kila Choo

Mafundi bomba ni wengi, lakini Fundi Majaribio alikuwa mmoja tu. Akishatengeneza choo cha mtu, hakabidhi kazi mpaka akijaribu mwenyewe. Anajifungia humo, anatulia, mwisho unasikia maji yanavutwa, kisha anatoka akipangusa jasho. "Kiko sawa, mama. Kimeshika." Wateja walimpenda kwa hilo. Wengine hufunga mkoba na kutokomea; huyu aliipima kazi yake kwa moyo wote.

Nyumbani kwake kulikuwa na kazi moja iliyomshinda. Binti yake mkubwa, msichana mwenye maneno kuliko redio, aliamka mzima kila siku, akanywa chai ya maziwa ya bibi yake, na kabla hajafika mbali na nyumba tumbo likaanza kuunguruma. Linajaa, linauma, anarudi mbio chooni. Shule basi tena. Mwalimu aliwaita wazazi akawaambia bila kupepesa macho: akiendelea kukosa masomo, atarudia darasa. Na darasa hilo mwakani lilikuwa la mdogo wake.

"Nikae dawati moja na huyu?" binti alilia. Mdogo wake alikuwa ameshachagua upande wa dirishani.

Fundi akakata shauri kuwa ni maji. Angelaumu nini kingine, na maji ndiyo anayoyajua? Akasugua tangi, akabadilisha mabomba, akachimbua ua mpaka mkewe akawa anaanika nguo kwa kuruka mitaro. Naye bibi, mama mzazi wa fundi, alimwonea mgonjwa huruma akamwongezea kikombe cha pili cha maziwa, apate nguvu. Basi maji yakazidi kuwa safi, na mtoto akazidi kuharisha.

"Baba watoto," mkewe akamwambia, "umeshafungua kila bomba humu ndani isipokuwa la mtoto. Kesho tunakwenda kwa daktari."

Daktari aliuliza mtoto anakula nini. Fundi akamweleza habari za tangi. Daktari, mwanamke mvumilivu, alimsikiliza mpaka kwenye unene wa bomba, kisha akamgeukia binti.

"Mwanangu, linaanza kuuma wakati gani?"

"Nikishakunywa maziwa."

"Na siku usipokunywa?"

"Sijui. Bibi hajawahi kuniruhusu."

Daktari akampima uzito, akambonyeza tumbo, akauliza kama kuna homa au damu chooni. Hakuna. Akasema kuna matumbo yasiyoweza kuimeng'enya vizuri sukari iliyomo kwenye maziwa. Si uvivu wa shule, wala si uchafu. Wamwachishe maziwa kwa wiki mbili waone, kisha wayarudishe kidogo kidogo pamoja na chakula, wajue anavumilia kiasi gani. Huenda mtindi usimsumbue sana. Mifupa nayo isisahauliwe: apewe mboga za majani na samaki wadogo wanaolika na miiba yao.

Fundi macho yakamng'aa. "Yaani unafunga koki moja, halafu unaangalia kama bado panavuja?"

"Hapo hapo."

Siku za mwanzo tumbo lilitulia, binti akaenda shule akiimba. Halafu likaunguruma tena. Fundi hakuhitaji kuambiwa: mahali fulani panavuja. Akanyata hadi jikoni, akamkuta mama yake ameupa mlango mgongo, anakoroga maziwa ya unga kwenye uji wa mtoto.

"Mama!"

"Kijiko tu."

"Daktari amekataza!"

"Daktari amelea wangapi? Wewe nilikukuza kwa maziwa haya haya, na tumbo likikuuma hivi hivi kila asubuhi mpaka leo. Umekufa?"

Binti, aliyekuwa akisubiri uji wake, alimgeukia baba yake.

"Baba, kumbe ndiyo maana unajaribu vyoo?"

Nyumba zote alizowahi kuingia zilimpita Fundi akilini, kila moja na mlango wake wa choo. Bibi akakaa kitako, mkono shavuni.

"Mwanangu, mimi nilidhani nakupa nguvu."

Hasira zikamwisha. Alimwonea uchungu mama yake. "Ulinipa, Mama," akasema. "Za kukimbilia."

Tangu siku hiyo chai ya nyumba hiyo ikawa ya rangi, na bibi mwenyewe ndiye aliyeikagua kila pakiti ya biskuti. Binti hakukosa shule tena, akavuka darasa. Mdogo wake alinuna wiki nzima, dawati zima likiwa lake peke yake.

Kilichoharibika ni jina la fundi. Mteja wake wa miaka mingi alimwona anafunga mkoba mara tu alipomaliza.

"Fundi, mbona hujajaribu?"

"Kimeshika, mama."

"Ah, na wewe umeanza kulipua kazi."

Fundi akaweka mkoba chini. Akaingia chooni, akajifungia, akakaa juu ya kifuniko na kukunja mikono. Tumbo lilikuwa limetulia tuli. Alikaa kiasi cha heshima, akavuta maji, akatoka akipangusa jasho ambalo halikuwepo.

"Kiko sawa, mama."

"Sasa ndiyo wewe," mteja akasema.