Mbaazi Zilizolowekwa Alfajiri

Juzi nilifungua buti la gari la mjukuu wangu hapa Qurum, nikapigwa na harufu iliyonirudisha nyuma zaidi ya miaka hamsini. Ilikuwa harufu ya mpira uliopikwa na jua. Alikuwa amesahau humo miwani yake ya kuzamia pamoja na ule mrija wa kupumulia, na joto la Maskati, mnalijua, likiachiwa siku mbili linaweza kuivisha hata jiwe. Nikainusa ile miwani kama mtu anusavyo asumini. Mjukuu akasema, "Bibi, inanuka hiyo!" Nikamwambia, "Inanuka kwako. Kwangu inanuka mbaazi."

Akanitazama kama niliyepungukiwa na akili. Basi nikae niwasimulieni nyie, maana yeye alikuwa na haraka.

Tulitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, nikiwa na miaka sita. Jinsi tulivyotoka ndiyo asili ya mambo yote. Asubuhi moja Baba alisema tunakwenda Mkokotoni kwa shangazi, tukashinde huko, "na jioni tumerudi." Mama akaacha bakuli la mbaazi limelowekwa jikoni, tuje tupike na nazi usiku. Mimi nikamwacha mwanasesere wangu wa matambara amelala kitandani, nikamfunika shuka, nikamwambia asilie, narudi. Hatukurudi. Kutoka Mkokotoni tulipanda chombo hadi Mombasa, tukakaa kwa watu muda mrefu, mwisho tukafika Maskati, mahali nilipopajua kwa tende tu. Kila usiku niliziona zile mbaazi zikivimba gizani, zikijaa bakuli, zikijaa jiko, zikisukuma mlango. Na moyoni niliandika jambo moja: Baba akisema "jioni tumerudi," usimwamini.

Nilimpenda, msinielewe vibaya. Lakini nilimpenda kama umpendavyo paka aliyekwisha kukuparura.

Sasa, nilipokuwa na miaka tisa au kumi, Baba alikuwa karani kwenye kambi ya mafuta, na Mzungu mmoja aliyekuwa akirejea kwao alimpa zawadi ya miwani ya kuzamia na mrija wake. Baba alirudi nayo nyumbani ameivaa, mlangoni kabisa. Bibi, mamake Baba, alipiga kelele ambayo naamini hadi leo imo ndani ya milima ya Maskati inazungukazunguka.

"Nassor! Umefanya nini uso?"

"Miwani, Mama. Ukivaa unaona samaki chini ya maji."

"Samaki nnawaona sokoni kila siku, tena wamelala kimya. Nna haja gani ya kuwafuata kwao?"

Usiku ule, tunakula, Baba akatangaza. Amezungumza na Nahodha Darwish, Mbulushi mmoja aliyewahi kufanya safari nyingi za Unguja na akijua Kiswahili kutushinda. Ijumaa ijayo asubuhi, sala ya Ijumaa itupite kwa udhuru wa safari, atatuchukua kwa mashua yake ya tanga mpaka Bandar Jissah, kwenye vijighuba visivyofikika ila kwa bahari. Tutaogelea, tutakula, tutatazama samaki.

"Na jioni tumerudi," akasema.

Mama aliacha kutafuna. Bibi alitazama ukuta. Mimi niliutazama mkate wangu kana kwamba ulikuwa na jambo la kuniambia.

Ijumaa niliamka kabla ya jogoo, maana sikulala. Nikasikia kitu kikigongana jikoni. Nikachungulia. Baba alikuwa amechutama. Baba yangu, wasomaji wangu, mtu ambaye jikoni alipajua kwa moshi tu! Alikuwa na mfuko wa mbaazi kavu, akizimimina kwenye bakuli kwa uangalifu kama anamimina lulu. Akatia maji. Akafunika kwa sahani. Akainuka, akatabasamu peke yake.

Nikajua: mara hii pia haturudi. Nikakimbia kwa Bibi, nikamkuta juu ya msala.

"Bibi! Baba kaloweka!"

"Kaloweka nini?"

"Mbaazi."

Bibi aliinuka. Alikunja msala, akafungua kasha lake, akaanza kuvaa bangili, moja baada ya moja, mpaka mikono ikawa haikunjiki. Kisha akanitazama. "Mke mwenzangu," akanambia, ndivyo alivyoniita siku zote kwa utani, "vaa nguo zako." Nikamwelewa bila kuelezwa. Nilivaa magauni yangu yote matatu, moja juu ya jingine, nikawa nimenenepa kama mfuko wa pamba.

Tulipofika pwani, Baba aliinua kikapu cha Mama, kikamvuta chini.

"Umetia nini humu?"

"Chakula."

"Chakula gani? Kina uzito wa nanga."

"Mchele."

"Mchele umeota chuma?" Akainua kitambaa. Chini ya mikate, cherehani ya mkono ya Mama ilikuwa imelala, kipini kimechomoza. Mama akatazama bahari, akasema huenda nguo ya mtu ikapasuka. Na Bibi alikuwa amekalia kitu kilichofungwa kanga, kila akisogea kikimchoma, mpaka kanga ikafunguka, ikawa mbuzi yake ya kukunia nazi.

"Mama, huko hakuna minazi."

"Wewe ndiwe uliye na uhakika na tunakokwenda," Bibi akamjibu.

Baba akatikisa kichwa, akapanda mashuani. Na kilichozidi kututia wasiwasi ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameshika taa ya kandili. Siku zile Maskati mtu hakutembea usiku, lango la mji likishafungwa, ila na taa mkononi. Hiyo ilikuwa amri. Lakini mimi nilijiuliza: safari ya kurudi jioni, taa ya nini?

Ghuba yenyewe, nikisema ilikuwa nzuri nitakuwa nimeitukana. Majabali yalikuwa yamesimama pande zote kama watu wazima wanaozuia upepo, na maji yalikuwa ya kijani ya kioo cha chupa, unayaona mpaka vidole vya nanga. Nahodha Darwish alikwenda kulala nyuma ya jabali ili wanawake wapate nafasi. Mama aliingia majini na kanga zake, zikafura kama mwavuli, na kwa mara ya kwanza tangu Unguja nikamsikia akicheka. Bibi alitia miguu tu. Alisema akiingia kiwiliwili, kwa bangili zile, tutamkuta Bombay.

Baba akaitemea mate miwani, akaisugua. "Ndivyo inavyofanywa, kioo kisipate ukungu." Nikaona ajabu nyingine ya kumtilia shaka: mtu mzima anatema mate kwenye kitu halafu anataka nikitie usoni. Lakini nilivua magauni mawili, nikabaki na la tatu, nikakubali. Nikaing'ata ncha ya mrija, harufu ya mpira ikanijaa kichwa kizima, nikainamisha uso.

Jamani! Kulikuwa na pono wa rangi za harusi, wakitafuna mawe, na nilisikia wanavyotafuna, kru kru kru. Kulikuwa na taa, yule samaki bapa, amejifukia mchangani, macho tu nje, kama jirani mbeya dirishani. Lakini nawaambieni kweli, wale samaki niliwatazama kwa nusu ya jicho. Kilichobaki chote niliiwekea miguu ya Baba. Ilikuwa imesimama mchangani karibu nami, myeupe kama mihogo iliyomenywa, na niliapa kwamba ikipiga hatua tano kuelekea kwenye mashua, natoa mrija napiga ukelele. Haikuondoka. Hata samaki mdogo mwenye milia alipoanza kumdonoa kisigino, ilisimama pale pale.

Tukala wali na nguru, tukang'oa nanga baada ya alasiri. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Upepo wa kaskazini ulikuwa umeamka, unatupiga usoni. Nahodha akavuta tanga, mashua ikalala ubavu, na badala ya kufuata pwani kuelekea Maskati, ikaelekeza pua bahari kuu. Milima ikaanza kupungua. Ikawa kama ukuta, kisha kama mstari. Mbele yetu maji matupu.

Mama alinishika mkono mpaka ukafa ganzi. Bibi akasimama ndani ya mashua, bangili zikilia.

"Nassor! Unatupeleka wapi mara hii?"

"Nyumbani, Mama."

"Nyumbani wapi? Nyumbani kuko nyuma yetu kule! Mbaazi zako umeloweka, taa umechukua, sasa sema. Sema mbele ya mtoto. Nna umri gani mimi wa kuhamishwa kama kuku?"

Nilimtazama Baba. Alitazama cherehani, akatazama mbuzi, akatazama magauni yangu mawili niliyoyapakata, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyesoma kitu kwa mara ya kwanza. Ni Nahodha aliyejibu, kutoka usukanini, bila hata kugeuka.

"Bi Mkubwa, nabisha. Upepo unatoka tunakokwenda. Basi natoka nje hivi mshazari, halafu nageuza narudi ndani mshazari, halafu tena. Njia ya mkato hakuna. Kaa, usinizamishie chombo kwa dhahabu."

Bibi alikaa, lakini hakuamini. Mimi pia sikuamini. Hata Nahodha alipogeuza na milima ikaanza kukua, sikuamini. Akatoka tena, akarudi tena, jua likazama tukiwa bado tunashona bahari kama sindano, nje na ndani. Niliamini nilipoona ngome mbili za bandari ya Maskati zikiwa nyeusi mbele ya mbingu, na Baba akawasha kandili lake tukashuka.

Sikusubiri mtu. Nilikimbia mpaka jikoni nikafunua sahani. Mbaazi zilikuwa zimekunywa maji yote, zimevimba, zimejaa bakuli hadi mdomoni. Mama akaja nyuma yangu, akatumbukiza mkono mzima ndani yake, akauacha humo. Kisha akawasha moto. Bibi akaikalia mbuzi yake, akakuna nazi aliyokuwa ameificha miezi mingi kwa ajili ya Idi, bangili zikilia kila mkuno. Tulikula, na sijala mbaazi tamu vile. Baba alijipakulia mara tatu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeolewa na kumaliza masomo yangu ya jioni na kuwa na ujasiri wa mtu mwenye cheti, nilikwenda kumtazama Baba kwake Mawaleh. Alikuwa mzee, macho yamefifia. Nikamuuliza lile lililonikaa kooni tangu utotoni: kwa nini siku ya Mkokotoni alitudanganya?

Alinigeuzia uso taratibu.

"Nani kakudanganyeni, Zuwena? Mimi ndiye niliyemwambia mamako aziloweke zile mbaazi. Njia nzima nlikuwa nazitamani. Mapinduzi ndiyo yalotukuta huko, tukafungiwa njia ya kurudi."

Kumbe! Miaka yote ile moyoni nilikuwa bado nimevaa yale magauni matatu kujikinga na mtu ambaye, kama mimi niliyemwacha mwanasesere wangu, alitoka nyumbani asubuhi akiwa na hakika ya chakula cha usiku. Na alfajiri ile ya Maskati alichutama jikoni peke yake, akamimina mbaazi punje kwa punje, apate japo mara moja katika maisha yake kurudi jioni akazikuta.