Usafi Uliotia Banda Harufu

Jua halijafika juu ya ukuta, na Mzee Maranda amepiga magoti ndani ya banda la kuku. Anachota maranda sakafuni, anayafikicha, anayaleta puani.

"Bado yanachoma kidogo," anasema. Kuku mmoja anampanda mgongoni. Hamfukuzi.

Jina hilo alipewa na watu wa mtaa, maana kila jioni hutoka kwa seremala na gunia la maranda ya mbao begani. Kuku wake ni mia mbili, wa mayai. Mayai hayo ndiyo kodi ya nyumba, ndiyo ada, ndiyo dawa za presha za mkewe. Leo mwenyekiti wa mtaa anakuja kuamua kama banda libaki au livunjwe.

Miaka yote banda halikunuka. Mzee huchachusha kwenye dumu maji yaliyooshewa mchele, maziwa na molasi. Humo huzaliana vijidudu vyema, ndugu wa vile vinavyogandisha maziwa. Kuku wakinywa kidogo, matumbo hutulia. Akinyunyizia maranda, vijidudu humeng'enya kinyesi kabla hakijatoa uvundo.

"Hao ni vibarua wangu," anasema. "Hawadai posho kama wale wanaotutawala."

Mwezi uliopita ilitangazwa kwamba wakubwa wa idara ya mifugo watapita kukagua mabanda. Wakubwa wakisema wanakuja, mnyonge hufagia mpaka kivuli chake. Mzee alimwaga dawa kali ya kuua vijidudu sakafu nzima. Kwa pupa, akasuuzia hata dumu.

Wakubwa hawakuja. Hata salamu hawakutuma. Kwao ni safari iliyoahirishwa tu; kwake, vibarua wote wamekufa.

Haikupita wiki, harufu ikaruka ukuta. Jirani yake, fundi cherehani, akamwita kutoka upande wa pili.

"Baba, suti ya bwana harusi inanuka kuku! Nimwambie bibi harusi ni manukato gani haya?"

"Mwambie ya kienyeji, mwanangu."

"Cheka tu. Nimeshamwambia mwenyekiti."

Mwenyekiti ana mtaro ulioziba mlangoni pake mwaka wa tatu huu, na hausikii. Kuku aliwasikia. Akampa mzee mpaka leo.

Kuchachusha upya kungechelewa. Pakabaki mlango mmoja, wa mama mkwe, ambaye zamani alipewa dumu la maji yale yaliyochachuka kwa ajili ya mboji ya mchicha wake.

"Hodi, mama. Nina shida."

"Nimeisikia. Umewaogesha kuku kama unawapeleka kuposwa."

"Ni kweli, mama."

"Binti yangu anaishi kwa mayai hayo, wewe unaogopa watu hata hujawaona! Haya, chukua nusu. Yote sikupi, wewe si wa kukabidhiwa kitu kizima."

Alirudi nalo amelikumbatia kama mtoto mchanga. Akageuza sakafu yote kwa koleo, akatandika maranda mapya, akanyunyiza, akangoja.

Mwenyekiti anafika jua limeshakuwa kali. Anasimama mlangoni, leso puani. Anaishusha. Anavuta pumzi, anamtazama fundi cherehani.

"Wewe ndiye uliyelalamika. Unasemaje?"

"Jana nimepiga pasi dirisha wazi," fundi anajibu. "Mwache mzee wa watu."

"Basi libaki. Lakini nitakuwa napita."

Anaondoka na trei ya mayai kwapani. Mayai hayakumnukia.

Mzee anarudi kwenye dumu. Anamimina maji yale ya vijidudu kwenye vichupa, vifuniko kavilegeza visije vikapasuka kwa gesi. Kimoja ni cha seremala, kimoja cha fundi kwa shimo la choo chake, kingine anarudishiwa mama mkwe. Anataka mtaa mzima uwe na mbegu, ikifa kwake ipatikane kwa jirani.

Na wakubwa wakitangaza tena kwamba wanakuja?

"Waje," anasema. "Safari hii nitawaosha viatu wao. Sakafu yangu siigusi."